Kujenga picha ya moyo unaodunda kwa mashine ya CT: mwongozo kamili, kuanzia elektrodi hadi picha ya mwisho

Ateri ya kulia ya moyo ina kipenyo cha milimita 3 hadi 4 hivi. Tuseme umeikamata wakati inakimbia milimita 50 kwa sekunde, na mashine yako inahitaji milisekunde 165 kukusanya data ya picha moja. Kabla picha haijakamilika ateri itakuwa imehama zaidi ya milimita 8, mara mbili ya unene wake. Ukiikamata imetulia, inasogea milimita 5 tu kwa sekunde, itahama chini ya milimita 1. Mashine ni ile ile, mgonjwa ni yule yule, mionzi ni ile ile. Kilichobadilika ni wakati wa kukamata. Kwa hiyo usishangae kuona sehemu kubwa ya mwongozo huu ikihesabu milisekunde.

Walengwa ni wataalamu wa mionzi walio kwenye chumba cha CT, na wanafunzi wanaotaka kuelewa kompyuta inafanya nini baada ya kitufe kubonyezwa. Hesabu zote zinatumia mashine ya mfano yenye safu 64 za vitambuzi, kila safu milimita 0.6 (jumla milimita 38.4), na mzunguko mmoja wa sekunde 0.33. Kama yako ni tofauti, weka namba zako. Hesabu ni zile zile.

Picha inavyozaliwa

Mrija wa eksirei unazunguka mwili, na vitambuzi vilivyo upande wa pili vinapokea mionzi iliyobaki baada ya kupita kifuani. Kila pembe inatoa kivuli kimoja. Kompyuta inachukua logariti ya uwiano kati ya mionzi iliyotoka na iliyofika, na kupata jumla ya ukinzani wa tishu katika kila mstari. Kisha inapitisha kila kivuli kwenye kichujio kinachoinua kingo, na kukirudisha nyuma juu ya picha tupu kwa pembe ile ile kilikotoka. Vivuli mamia vikishapishana, umbo linajitokeza. Bila kichujio hicho kila kitu kingekuwa na ukungu, kwa sababu kila nukta hupakwa kwenye mstari mzima wa kila kivuli, na mabaki yake husambaa kuizunguka.

Hesabu yenyewe iliwekwa na Johann Radon mwaka 1917. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hili kwa ajili ya tiba mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi ya fizikia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na mwaka 1979 aligawana tuzo ya Nobel na Godfrey Hounsfield. Inafaa kukumbukwa kwamba mbegu moja ya mashine hizi iliota Afrika.

Hesabu ya Radon ina sharti moja: kitu kinachopigwa kisisogee. Kichwa hutimiza sharti hilo, na tumbo hulitimiza mgonjwa akishikilia pumzi. Moyo hauwezi. Kinachofanyika ni kutafuta kipande kifupi cha muda ambacho moyo karibu umesimama, na kutumia vivuli vya kipande hicho pekee.

Kipande hicho ni kifupi kiasi gani? Picha haihitaji mzunguko mzima. Miale ikipangwa upya iwe sambamba, nyuzi 180 zinatosha, kwa sababu kivuli cha upande wa pili kinarudia taarifa ile ile. Kwa hiyo muda wa picha katikati ya mzunguko ni nusu ya 0.33, yaani milisekunde 165. Lakini miale hutoka kwenye mrija kama feni iliyofunguka, hivyo mashine lazima ikusanye data ya nyuzi 180 pamoja na upana wa feni, karibu theluthi mbili za mzunguko, yaani sekunde 0.22. Shika namba hizi mbili: 165 kwa ukungu wa mwendo, 220 kwa kukusanya data. Mashine zenye mirija miwili iliyopishana kwa takriban nyuzi 90 hugawana kazi, na zikizunguka kwa 0.33 hufikia milisekunde 83.

Moyo unatulia lini?

Kila pigo lina nyakati mbili za utulivu. Wa kwanza ni mwisho wa sistoli, ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) zikiwa zimeshajikunja. Huo ni mfupi, lakini haupungui sana mapigo yanapoenda kasi. Wa pili ni katikati ya diastoli, moyo unapojaa, baada ya damu kuingia kwa nguvu na kabla atria (vyumba vya juu) hazijasukuma fungu la mwisho. Ni mrefu na mzuri, ila ndio unaoliwa kwanza moyo ukienda mbio.

Kwenye ECG, mstari wa umeme wa moyo, kila pigo lina wimbi P (atria zikianza kusukuma), R (ventrikali zikianza kujikunja) na T (ventrikali zikianza kulegea). Chukua mapigo 60 kwa dakika. Kutoka R hadi R ni milisekunde 1000. Ukijenga picha kwenye asilimia 75 ya nafasi hiyo, katikati ya dirisha ni 750, na dirisha lenyewe ni kuanzia 668 hadi 832. Wimbi P likitangulia R kwa milisekunde 160, litatokea kwenye 840. Umepita kabla atria hazijasukuma.

Sasa mapigo 75. R hadi R ni 800, na asilimia 75 ni 600, kwa hiyo dirisha ni 518 hadi 682. Wimbi P liko kwenye 640. Dirisha limeingia ndani ya msukumo wa atria, na wa kwanza kuumia ni ateri ya kulia na ile inayozunguka upande wa kushoto, kwa sababu zote mbili hulala kwenye mfereji kati ya atria na ventrikali. Mtu aliyekariri "75 ndiyo diastoli" atapata picha mbovu na kulaumu mashine. Rudi asilimia 70: katikati 560, dirisha 478 hadi 642. Inapita kwa shida, lakini inapita.

Mapigo 90: R hadi R ni 667 na wimbi P liko karibu na 507. Kati ya mwisho wa wimbi T na wimbi P hakuna nafasi ya milisekunde 165 iliyotulia. Achana na diastoli, nenda sistoli, asilimia 40 au karibu na hapo: katikati ni 267.

Ndiyo sababu tunapenda mapigo yawe chini ya 65, na yakiwa 60 au pungufu ni bora zaidi.

Hatua ya kwanza: mgonjwa

Mgonjwa aepuke kahawa, chai kali na sigara siku hiyo. Akifika, akae dakika chache kabla ya kupimwa mapigo. Aliyetoka kupanda ngazi atakudanganya. Muulize kuhusu mzio wa kontrasti (dawa ya iodini inayong'arisha damu kwenye picha), ugonjwa wa figo, pumu, na dawa za nguvu za kiume.

Mapigo yakizidi 65, daktari anaweza kuagiza kizuizi cha beta (dawa ya kupunguza mapigo), kwa kawaida metoprololi miligramu 50 hadi 100 kwa mdomo saa moja kabla, au miligramu 5 kwenye mshipa, ikirudiwa kwa uangalifu hadi jumla ya 15 huku shinikizo likipimwa. Haipewi mwenye pumu inayomsumbua, mwenye kizuizi cha umeme wa moyo cha daraja la pili au la tatu, wala mwenye shinikizo la damu ambalo namba yake ya juu iko chini ya 100. Naitrogliserini chini ya ulimi, miligramu 0.4 hadi 0.8, dakika 3 hadi 5 kabla ya picha, hutanua ateri na kurahisisha kuona matawi madogo. Aliyemeza dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, asipewe, kwani shinikizo linaweza kuporomoka kwa hatari. Tena naitrogliserini hupandisha mapigo kidogo; kizuizi cha beta kianze kufanya kazi kwanza.

Kisha zoezi la pumzi, ambalo wengi hulipita haraka na kulijutia. Mwelekeze avute pumzi ya wastani, kama robo tatu ya uwezo wake, ashikilie bila kukaza tumbo. Akivuta kwa nguvu zote, damu isiyo na kontrasti itatoka tumboni kwa wingi na kuchanganyika na ile uliyoitia dawa. Akikaza, damu ya mikononi itazuiwa. Fanyeni mara mbili kwa sauti ile ile na maneno yale yale yatakayotumika: "Vuta pumzi. Shikilia." Angalia ECG kwa sekunde 10 wakati ameshikilia. Mapigo hubadilika katika sekunde hizo, na hayo ndiyo mapigo utakayoyapiga picha. Usipange kazi kwa namba uliyoisoma akiwa anaongea.

Hatua ya pili: ECG

ECG mbaya haiwezi kutibiwa na programu. Futa ngozi kwa pamba yenye spiriti, nyoa nywele ikibidi, kausha, halafu bandika elektrodi mpya ambazo jeli yake haijakauka. Ziweke nje ya eneo la picha: za juu karibu na mfupa wa bega, za chini pembeni ya mbavu za mwisho. Nyaya zisipite juu ya moyo, kwa sababu chuma huchora mistari kwenye picha.

Mwambie ainue mikono kichwani kwanza, ndipo uhakiki mawimbi. Misuli ya bega ikikazwa hutetemesha mstari, na elektrodi iliyokaa vizuri mikono ikiwa chini inaweza kuvutika ikiinuliwa. Chagua lidi (mwelekeo wa kusoma ECG) ambayo wimbi R limesimama juu na wimbi T ni fupi. T ikilingana na R, mashine itahesabu vyote viwili na kuamini moyo unapiga 120 wakati unapiga 60. Linganisha namba ya mashine na mapigo ya mkononi. Ikiwa ni maradufu, badilisha lidi kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: mtindo wa kupiga

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni piga-na-sogea. Mashine inasubiri R, inahesabu, inapiga mionzi wakati wa dirisha tu, kitanda kinasogea, inapiga tena. Mionzi ni kidogo, na kwa mgonjwa mwenye mapigo ya polepole na ya mpangilio, hii ndiyo chaguo la kwanza. Ubaya wake ni kwamba kilichopigwa ndicho kilichopo. Ongeza pambizo la dirisha, mathalani asilimia 70 hadi 80, ili uwe na nafasi ya kuteleza mbele au nyuma wakati wa kujenga.

Ya pili ni ond: kitanda kinatembea polepole bila kusimama, mrija unazunguka na kupiga mfululizo, na ECG inarekodiwa sambamba. Baadaye unaweza kuchagua awamu yoyote, yaani asilimia yoyote ya pigo. Itumie mapigo yasipotabirika au unapotakiwa kupima nguvu ya ventrikali. Mionzi ni mingi zaidi, kwa hiyo washa upunguzaji wa mkondo wa umeme wa mrija unaofuata ECG, unaoushusha hadi asilimia 20 au chini nje ya dirisha lako. Fikiri kabla ya kulifunga dirisha hilo. Mkondo wa asilimia 20 unaongeza chembechembe kwenye picha kwa zaidi ya mara mbili, na ukiwa umeacha mkondo kamili kwenye 65 hadi 80 halafu mapigo yakapanda, sistoli utakayoikimbilia itakuwa na mchanga mtupu. Mapigo yakiwa juu ya 70, fungua dirisha kuanzia 30 hadi 80.

Katika ond kuna pichi, yaani umbali ambao kitanda kinatembea katika mzunguko mmoja ukigawanywa kwa upana wa vitambuzi. Kila sehemu ya moyo lazima ibaki mbele ya vitambuzi kwa pigo moja zima pamoja na muda wa kukusanya data. Kikomo ni muda wa mzunguko ukigawanywa kwa jumla ya R hadi R na 0.22. Kwa mapigo 60: 0.33 gawanya kwa 1.22, jibu ni 0.27. Ukivuka hapo, kati ya pigo na pigo kutakuwa na ukanda wa moyo usio na data. Tumia 0.2 ili uwe na akiba. Kitanda kitatembea milimita 23.3 kwa sekunde, na moyo wa milimita 140 utakamilika kwa sekunde 6.

Tahadhari: vizuizi vya beta vinaweza kushusha mapigo hadi 45. Hapo R hadi R ni 1.33, na kikomo cha pichi kinashuka hadi 0.21. Mapigo ya polepole ni mazuri kwa utulivu lakini yanahitaji kitanda cha polepole.

Hatua ya nne: kontrasti

Kanyula (mrija mdogo wa plastiki) ya geji 18 kwenye mshipa wa kiwiko, mkono wa kulia ikiwezekana, ijaribiwe kwa maji ya chumvi kwa kasi ile ile utakayotumia. Kontrasti yenye miligramu 350 hadi 370 za iodini kwa mililita, kasi ya mililita 5 kwa sekunde. Kiasi kinachotosha ni kasi mara muda wa picha ukiongeza sekunde 8: kwa picha ya sekunde 6 ni mililita 70. Fuatisha mililita 40 hadi 50 za maji ya chumvi kwa kasi ile ile. Maji hayo husukuma kontrasti iliyobaki mkononi na kuisafisha vena kuu ya juu, ambayo ikibaki nyeupe mno hurusha mistari juu ya ateri ya kulia.

Weka alama ya kupimia kwenye aota na uanze kuhesabu inapofika HU (kipimo cha weupe kwenye picha za CT) 100 hadi 150, kisha sekunde 5 za kumwelekeza pumzi. Lengo ni zaidi ya HU 300 ndani ya ateri. Kwa mgonjwa mwembamba au wa wastani tumia volteji ya mrija ya kV 100 badala ya 120: iodini hung'aa zaidi kwa nishati ndogo, na mionzi inapungua.

Hatua ya tano: kutafuta awamu

Hapa ndipo kazi ya kujenga inapoanza. Usijenge moyo mzima kwanza. Chagua kipande kimoja kinachokata katikati ya ateri ya kulia, na uijenge sehemu hiyo pekee kwa kila asilimia 5 kuanzia 30 hadi 80. Kompyuta nyingi zina kitufe cha hakikisho la awamu kwa ajili hiyo. Tazama ateri. Ikiwa imetulia ni nukta ya duara yenye ukingo safi. Ikiwa inasogea ni koma, mwezi mwandamo, au nukta mbili zenye mkia. Ukipata asilimia nzuri, zunguka karibu nayo kwa hatua ya 2, halafu ndipo ujenge moyo wote.

Ateri zote hazitulii kwa wakati mmoja. Ya mbele inayoshuka inaweza kuwa safi kwenye 75 huku ya kulia ikitaka 70, au 40. Tuma seti mbili. Msomaji wa picha anayepewa awamu moja analazimika kukisia.

Asilimia inafaa mapigo yakiwa sawa. Yakiwa yanabadilika, tumia milisekunde. Urefu wa sistoli haubadiliki sana kutoka pigo hadi pigo, kwa hiyo milisekunde 250 hadi 350 baada ya R zitakukuta mahali pale pale hata kama R hadi R ni 600 mara hii na 900 mara ijayo. Kwa mwenye mtetemo wa atria, ambaye mapigo yake hayana mpangilio, hii ndiyo njia inayoleta picha ya kusomeka.

Programu pia hukupa chaguo la kuunganisha mapigo mawili au zaidi: nusu ya vivuli kutoka pigo hili, nusu kutoka lile, ili muda ushuke kutoka 165 kuelekea 83. Inafanya kazi ikiwa tu mrija umekuta pembe tofauti katika mapigo hayo. Mapigo yakiwa 91, R hadi R ni sekunde 0.66, mizunguko miwili kamili. Kila R mrija uko pale pale, na hupati chochote. Mapigo yakiwa 81, R hadi R ni 0.74, mizunguko miwili na robo, na unapata faida yote. Pia pichi iwe ndogo na mapigo yafanane. Yakitofautiana, unachanganya mioyo miwili ya maumbo tofauti.

Hatua ya sita: kuhariri ECG

Fungua mstari wa ECG na uangalie kila alama ya R kwa jicho lako. Makosa matatu ni rahisi: alama juu ya T, ifute; R isiyo na alama, iongeze; alama iliyokaa pembeni ya R, ivute mahali pake. Alama moja iliyokosewa huharibu ukanda mzima wa moyo.

Pigo la mapema linahitaji akili zaidi. Tuseme R ya kawaida iko kwenye 0, pigo la mapema likaja kwenye 600, kisha moyo ukapumzika hadi 2000. Ukiacha alama zote, mashine itaweka madirisha kwenye 450 (asilimia 75 ya 600, damu bado inaingia kwa kasi) na kwenye 1650. Wengi hufuta alama ya 600. Sasa nafasi ni 2000 na dirisha ni 1500, ndani ya mapumziko. Afadhali, lakini madirisha mengine yako milisekunde 250 kabla ya R na hili liko 500 kabla, kwa hiyo ventrikali haijajaa sawa, na ngazi (ateri kukatika na kuendelea pembeni) inaweza kuonekana. Ukiongeza alama ya kubuni kwenye 1000, dirisha la pili linahamia 1750, sawasawa na wenzake. Ila dirisha la kwanza linaangukia 750, ndani ya mkunjo wa pigo la mapema, na lazima ulizime.

Ukilizima, hesabu data. Dirisha lililotangulia lilikuwa milisekunde 250 kabla ya 0, na linalofuata ni 1750: sekunde 2 kamili. Kitanda kimetembea milimita 46.5. Kila dirisha linafunika milimita 38.4 ukitoa 5.1 zilizopita wakati wa kukusanya, yaani 33.3. Milimita 13 hazina data. Programu itaziba pengo kwa kubashiri au itakuonyesha ukanda mweusi. Katika hali hiyo dirisha la 1500 lenye ngazi ndogo ni bora kuliko pengo hilo kubwa, kwa sababu huko bado kuna moyo halisi: kati ya madirisha ni sekunde 1.75, na data inayokosekana inapungua hadi milimita 7.5. Jenga njia zote, zitazame pamoja, na uandike ni ipi uliyotuma. Na alama ya kubuni isitumike kamwe kujenga sistoli, maana hapo hakuna pigo lililotokea.

Mashine zenye vitambuzi vya sentimita 16 zinakuepusha na haya yote: moyo mzima unaingia katika pigo moja, na pigo baya unaliacha tu.

Hatua ya saba: vigezo vya picha

Unene wa kipande milimita 0.75, hatua kati ya vipande 0.4 ili vipishane. Eneo la picha milimita 180 kuzunguka moyo pekee. Kwa matriki (gridi ya pikseli) ya 512 kila pikseli ni milimita 0.35. Ukiacha eneo la kifua kizima, milimita 350, pikseli inakuwa 0.68 na unatupa nusu ya ukali ulioulipia kwa mionzi. Jenga pia seti nyingine ya kifua kizima kwa vipande vya milimita 2 hadi 3, maana uvimbe wa pafu hausubiri uombwe.

Kerneli, yaani kichujio cha kujengea picha, iwe laini ya wastani kwa ateri za kawaida. Kwenye stenti (kibomba cha chuma ndani ya ateri) au kalsiamu nyingi jenga seti ya pili kwa kerneli kali, kwa sababu vitu vizito huvimba kwenye picha na kuifanya njia ya damu ionekane nyembamba kuliko ilivyo. Ujenzi wa kurudiarudia, ambao kompyuta hukisia picha, hutengeneza vivuli vyake na kuvilinganisha na vya kweli, husafisha chembechembe vizuri. Uweke kiwango cha kati, 2 au 3 kati ya 5. Ukipandisha hadi juu, kingo ndogo hufutika na tishu hung'aa kama plastiki.

Kwa kupima nguvu ya ventrikali huhitaji ukali huo. Jenga awamu 10 kuanzia 0 hadi 90, au 20 kuanzia 0 hadi 95, vipande vya milimita 1.5, matriki ya 256. Ventrikali ikiwa na mililita 120 ilipojaa na 50 ilipojikunja, imesukuma 70 kati ya 120, asilimia 58.

Kukagua kabla mgonjwa hajashuka kitandani

Ukiona ngazi, mahali ambapo ateri imekatika na kuendelea pembeni, geuza picha uuone mfupa wa kifua kwa ubavu. Mfupa nao ukiwa na ngazi, mgonjwa alipumua au alisogea, na hakuna uhariri wa ECG utakaosaidia. Mfupa ukiwa umenyooka na moyo pekee una ngazi, tatizo ni mapigo: rudi hatua ya tano na ya sita.

Ukiona ateri imebanwa mahali pamoja, ijenge kwa awamu nyingine. Mbano wa kweli unabaki katika kila awamu. Mbano wa mwendo unahama au kutoweka. Doa jeusi kwenye msuli karibu na aota iliyojaa kontrasti, au kando ya waya wa kifaa cha kurekebisha mapigo, mara nyingi ni mionzi iliyochujwa kupita kiasi. Usiliite eneo lililokosa damu hadi ulione katika awamu zaidi ya moja.

Usifute data ghafi, yaani vivuli vyenyewe. Kompyuta ya mashine huifuta yenyewe diski ikijaa, na ikishaondoka huwezi tena kubadilisha awamu, kerneli wala alama za R. Unabaki na picha ulizokwisha kujenga. Ifungie hadi daktari amalize kusoma. Seti moja kali ya vipande 350 ni megabaiti 183 tu, kwa hiyo usione shida kutuma tatu, kila moja ikiwa na jina linaloeleza awamu, kerneli na kama ECG ilihaririwa.

Jaribio la kufanya nyumbani

Anayejifunza anaweza kuyaona haya kwenye kompyuta ya kawaida kwa Python na maktaba ya scikit-image, yenye `radon` ya kutengeneza vivuli na `iradon` ya kujenga picha. Chora picha ya pikseli 512 kwa 512 yenye duara la pikseli 10. Tengeneza vivuli 180, nyuzi moja moja, na kila nyuzi sogeza duara kidogo, jumla pikseli 12 kutoka mwanzo hadi mwisho. Jenga. Utapata ile koma ya ateri ya kulia. Punguza mwendo hadi pikseli 2 na koma inarudi kuwa duara. Kisha fanya duara liende na kurudi kama moyo katika mizunguko mingi, na uchague vivuli vya awamu moja tu: duara litakuwa safi, lakini ukichagua dirisha dogo mno pembe zitapungua na picha yote itajaa mistari ya nyota. Badilisha upana wa dirisha mara kumi, uhifadhi picha zote kumi, uzipange mezani kwa mfuatano.